Mama Sungura Asitabasamu

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi yangu na mapacha. Mimi sijambo, ila shingo inanisumbua kwa kuinamia meza ya kuchorea kutwa nzima.

Mwezi uliopita mhariri alinikabidhi hadithi ya watoto. Mama Sungura anawaacha wanawe wawili kwa Kobe, fundi cherehani, akiahidi kurudi jioni, na harudi. Nikamchora kama wanyama wa vitabu hivi wanavyochorwa: aproni kiunoni, tabasamu hadi masikioni. Picha ikarudishwa. Mwandishi alisema Mama Sungura asitabasamu.

Nikaisoma tena kwa macho makali. Kobe anaongea huku amebana pini midomoni, kama marehemu mama mkubwa aliyetulea. Sungura mdogo analala na kiatu kimoja mguuni. Nani mwingine alilala hivyo kama si wewe? Nisamehe, nilikushuku kwamba umemsimulia mtu maisha yetu. Ulimi wako hauna breki ukipata msikilizaji. Nikambana mhariri, akasema mwandishi ni mama mmoja mtu mzima, na ndiye aliyetaka nichore mimi, si mwingine.

Kisha nikafika pale sungura mkubwa anapojifanya amelala mama yake akitoka. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata wewe. Nikaacha kukushuku, ila usingizi ukanipaa.

Nikadai kuonana naye. Alikuja ofisini, akakaa na mkoba mapajani bila kuuachia. Alisema vitabuni kila mama mnyama ni mwema, kwa hiyo mtoto aliyeachwa hana ukurasa wake. Maneno matamu, nikazidi kumtilia shaka. Nikamuuliza alijuaje kwamba yule sungura hakuwa amelala.

Akasema, “Kope zako zilikuwa zinacheza.”

Ni mama, mdogo wangu. Mama yetu.

Hakulia, nami sikulia. Nilimuuliza mtu mwenye miguu yake anawezaje kumtuma sungura. Akasema aliogopa kufungiwa mlango. Huenda ni kweli, bado simwamini. Kitabu nitakimaliza, lakini Mama Sungura nimemchora akiwa amegeuza uso, maana uso wake sijaujua bado.

Ameomba anwani yako. Sijampa. Niambie wewe, nimpe au nisimpe, na lolote utakaloamua sitakulaumu.

Msalimie sana wifi. Mapacha wabusu kwa niaba yangu, ila usiwaambie bado kwamba wana bibi.

Ni mimi,
dada yako