Kigingi Ulichokiacha Kwenye Jiwe

S.L.P. 41,
Awasi, kupitia Kisumu.
14 Machi 1991

Mpendwa mwanangu Oduor,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa baba yako mdogo. Natumaini u mzima huko Dodoma, kazi yako ya miamba inaendelea, na ile homa uliyotuandikia mwezi wa kwanza imekuacha. Sisi huku tu wazima isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenikalisha mezani leo.

Usianze safari kabla ya kumaliza barua hii. Mama yako yu hai. Jumapili iliyopita mchana ardhi ilitikisika, si kwa muda mrefu, na ukuta wa nyumba niliyomjengea ukamwangukia. Amelazwa Kisumu. Mfupa wa paja umevunjika. Daktari anasema atatembea, lakini kwa fimbo.

Wengine watakuandikia kwamba ni kazi ya Mungu. Mama yako mwenyewe ndivyo anavyowaambia wageni, nami nakaa kando ya kitanda nikiitikia amina. Nimechoka kuitikia.

Unakumbuka Desemba ya mwaka juzi ulipolipima boma kwa hatua. Ulinieleza kwamba kuna ufa mkubwa wa miamba chini ya mteremko wa Nyando. Kwamba mwamba mgumu hujibana miaka mingi kisha huachia kwa mkupuo, ilhali mahali ambapo ufa umejaa udongo laini huteleza taratibu. Na mtikisiko ukifika kwenye udongo wetu mweusi, hukua. Ukaweka karai moja la maji juu ya jiwe, jingine kwenye matope, ukapiga chini kwa nyundo yangu. Maji ya kwenye matope ndiyo yaliyochelewa kutulia. Nikakujibu mbele ya watu, "Sasa wewe Oduor unataka kunifundisha kazi? Hii nyumba ni ya mama yako, si ya maji." Watu wakacheka, nami nikafurahi.

Uliomba nyumba isogezwe hatua thelathini tu, kuelekea kwenye jiwe. Nikashikilia mila: nyumba ya mke mkubwa hutazama lango, na upande ule ni wa mke wa pili. Wazee wakaniunga mkono. Mwanangu, marehemu kaka yangu hakuwahi kuoa mke wa pili. Mila ilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba kuchimba msingi kwenye jiwe ni kazi ya wiki tatu, na kwenye udongo ni siku mbili. Tena sikutaka kuelekezwa na mtoto niliyembeba mabegani kwenda kliniki. Naona aibu kuyaandika haya, lakini mama yako bado anaamini nililinda heshima yake.

Banda la kuku, lile la mawe ambayo baba yako aliyapanga juu ya jiwe bila hata saruji, limesimama. Hata yai halikupasuka.

Ulipoondoka uliacha kigingi cha chuma ulichokipigilia pale kwenye jiwe kuonyesha mahali. Kesho yake niliking'oa, nikakitumia kufungia mbuzi. Juzi nilikwenda kutafuta tundu lake, nikidhani limezibika, kama yanavyozibika mashimo yote ya huku chini mvua ikinyesha. Nimelikuta vilevile, na kigingi kimeingia palepale. Nimeanza kuchimba msingi hapo kwa mikono yangu. Wazee wamepita wakanitazama, wakaendelea na njia yao.

Perez mke wangu anakusalimu sana. Dada yako Aoko anakusalimu pia. Yeye ndiye anayelala na mama hospitalini, na amekonda. Wasalimie jirani zako waliokuuguza.

Ukija, pitia kwanza hospitali umsomee mama yako barua hii, yote, usiruke mahali. Nimejaribu kumwambia mwenyewe mara tatu, na kila mara nimeishia kwenye amina.

Mungu akusimamishe mahali pagumu.

Ni mimi niliyekukosea na bado nakupenda,
Baba yako mdogo,
Walter Obiero