Inaonekana, Haijakaa

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Dada Nadira, msimamizi wa mfumo wetu wa dawa, kaenda Malindi, harusi ya mdogo wake. Mfumo wote kaniachia mimi – mimi niliyeachia shule kidato cha pili! Seva tatu: moja hapa Likoni, moja Kisauni, moja Changamwe. Zahanati ikitafuta dawa, seva zinaiambia ni duka gani linayo. Kaniusia jambo moja tu, seting'i za komiti, yaani amri za kuhifadhi, nisiziguse. Nikasema naam. Moyoni nacheka.

Mwanatabu, yule mama wa viazi karai langoni petu, kauliza sasa nani msimamizi. Nikamwambia bosi ni mimi. Akasema basi Likoni tumekwisha. Mama huyu! Ulimi mkali kuliko ukwaju wake.

Jumanne, 11 Novemba

Maduka yanalalamika, dawa mpya inachukua dakika nzima kuonekana. Dakika! Nimeingia kwenye seting'i. Komiti ndogo, ile inayofanya kitu kionekane mtu akitafuta, nimeiweka kila sekunde. Komiti kubwa, ile inayokikalisha kitu kwenye diski, ilikuwa inazitia seva uzito. Nimeizima. Kwani nani anaitazama diski? Kisichokaa kitangoja kwenye logi, daftari la seva, foleni tu.

Duka la Ziwa la Ng'ombe likaingiza dawa ya sumu ya nyoka. Nikahesabu moja – hiyo hapo! Nesi Agneta wa zahanati ya Timbwani kapiga simu kunisifu. Nikamtambia Mwanatabu. Akauliza, kwa hiyo mbio zote hizo ni ili uonekane? Nikamwambia aniongeze ukwaju.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Logi inavimba. Nadira katuma meseji, kwema? Kwema, nikamjibu.

Alhamisi, 13 Novemba

Diski karibu ijae. Seva zinajikokota, komiti kila sekunde, hazipati hata pumzi. Nimwambie Nadira? Aje kunicheka mbele ya maharusi? Hapana. Kesho naziwasha upya. Yeye huwasha moja moja, mbili zikishika zamu. Uoga wa wenye digrii.

Mwanatabu kaniona nimenuna, kaniongeza kiazi. Anasema kesho hauzi, anakwenda kufyeka shamba lake Timbwani. Kwa mvua hii majani yamempita kichwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi nimeziwasha upya zote tatu kwa mpigo. Hazirudi. Zinaisoma logi yote upya, kila kilichoingia tangu Jumanne, mstari kwa mstari. Mpaka zimalize hazimjibu mtu. Hata moja haishiki zamu.

Agneta kapiga. Ana mgonjwa kagongwa na swila shambani, zahanati haina dawa ya sumu, na kila akitafuta skrini ni nyeupe. Nikauliza mgonjwa ni nani.

"Mama wa viazi karai," akasema. "Anasema muulizeni bosi."

Nikamjibu palepale, Ziwa la Ng'ombe. Si niliiona kwa macho yangu? Akataka kujua kama nina hakika. Akauliza tena.

"Wallahi, dada. Ninayo kichwani."

Wakampakia kwenye gari, wakaondoka. Feri, kisha kisiwa kizima, kisha daraja la Nyali.

Watu wametoka swala ya Ijumaa, mimi bado nimekodolea skrini. Seva ya Likoni ikarudi kwanza. Nikaandika jina la dawa. Ziwa la Ng'ombe – hakuna. Chupa zilihamishwa jana jioni. Duka la Likoni liliziomba, mvua imetoa nyoka. Tena ni duka lililo mkabala na lango letu. Mlango wake nauona dirishani. Chini ya dirisha, langoni, pahala pa karai la Mwanatabu, patupu.

Nimekimbia, nimezichukua.

Sasa niko kivukoni. Naandika nikingoja feri. Nimempigia Agneta, inaita, haipokelewi. Nadira kaniletea picha ya bi harusi na meseji, huko kwema? Mlinzi kasema gari lao lilikwama foleni, na feri iliyowapeleka nimeiona ng'ambo, gari zinashuka. Ya kwangu haijageuza. Chupa ziko kifuani, ndani ya shati, baridi.

Nampigia tena. Inaita.