Mlango Usiokuwemo Mchezoni

Katubuka, Kigoma

Kwako Dada Esther,

Shikamoo dada. Natumaini treni imewafikisha salama na watoto hawakutapika njia nzima kama safari iliyopita. Mimi mdogo wako mwili haujambo, ila moyoni siko sawa hata kidogo. Najua unaisoma barua hii ukiwa nje ya geti lako, mizigo chini, na kufuli unaloliona si lako. Mzee Dismasi, mwenyekiti wa mtaa, nilimwomba akupe bahasha hii mara tu akikuona. Tafadhali usimfokee mzee wa watu. Soma mpaka mwisho, kisha unitukane mimi.

Unaujua ule mchezo wangu wa kompyuta. Mtoto anapanga amri, nenda mbele, geuka kushoto, rudia, mpaka mtumbwi upite katikati ya mawe na kufika ufukweni Ujiji. Anadhani anacheza, kumbe anajifunza kuandika programu. Laptopu ya kuutengenezea ulininunulia wewe, na tableti ya wanao ilikuwa ya kwanza kuwekewa. Chini ya kila somo kuna kisanduku cha maoni. Wanafunzi wa shule ya Mwandiga ndio wasemaji wakubwa humo: huyu anataka muziki, yule anasema samaki wangu wanafanana na viatu. Nasoma yote, narekebisha, kisha najibu kwamba imerekebishwa. Ndiyo kazi yetu, mchezaji analalamika na fundi hanuni.

Sasa akatokea mchezaji mmoja anayejiita Inyoni, yaani ndege kwa Kirundi. Mara ya kwanza alilalamika kwamba mtumbwi unafika Ujiji lakini haurudi kwa mama. Nikaongeza amri ya kurudi, nikamshukuru. Akaja tena kuuliza kwa nini mtu aliyemo mtumbwini akipiga kelele hakuna anayesikia. Dada, unajua nilifanya nini? Niliweka sauti ya honi! Nikajipongeza kabisa. Halafu akaandika kwamba mlango umefungwa kwa nje, na katika amri zote nilizompa hakuna inayoufungua.

Nikafungua programu kutafuta kosa. Nikapitia somo moja baada ya jingine, nikarudia tena. Mchezo wangu una ziwa, una mawe, una mtumbwi. Hauna mlango. Sijawahi kuchora mlango mimi.

Nikamwandikia kumwuliza yeye ni nani na yuko wapi. Asubuhi nzima nilikuwa nimekodolea macho kile kisanduku, na kila mwanafunzi aliyeingia kuandika kwamba somo ni gumu alinipandisha presha bure. Mchana ndipo Inyoni akajibu. Alisema anaogopa kutaja jina, kwa sababu nikilijua nitamsemea. Mama yake anaumwa sana katika kambi ya wakimbizi, na yeye mwenyewe ameambiwa akitia mguu nje atakamatwa kwa kuwa hana kibali. Nikamsihi asitaje jina wala nyumba. Aandike amri tu, kama anavyofanya mchezoni, kuanzia kwenye mashine ya kusaga ya pale sokoni Ujiji mpaka mahali alipo. Nilisubiri hadi nikaanza kuamini kwamba amekutwa akiandika akanyang'anywa kifaa. Kisha amri zikaingia.

Nilichukua bodaboda mpaka kwenye mashine, nikashuka, nikaanza kutembea huku nimeshika simu mbele ya uso kama mwehu. Nenda mbele mpaka msikitini. Geuka kushoto. Nenda mbele, mpite fundi baiskeli. Geuka kulia. Hapo nikatambua kwamba ni njia ya kwako. Nikajiambia hapana, mtaa huu una nyumba nyingi, na si wewe peke yako unayeishi huku. Amri ya mwisho ilisema nisimame penye geti la bluu lenye mpapai pembeni. Dada, mpapai ule niliupanda mimi.

Inyoni ni Armelle. Ni Armelle wako, binti wa Kirundi anayekulelea watoto na kuwafulia. Umekwenda Dar, ukamwachia unga na dagaa, ukamfungia kwa nje kama mbuzi na ufunguo ukaondoka nao! Laini yake ya simu ulishaichukua zamani, eti anaongea mno; bahati tableti ya watoto mliisahau nyumbani, nayo ina intaneti. Na ujumbe wa sauti kwamba mama yake ni mgonjwa ulikufikia kabla hujasafiri. Uliusikiliza kwa sauti kubwa sebuleni, na yeye alikuwa nyuma ya pazia anapiga deki. Alisubiri umwambie. Hukumwambia. Esther, uliwezaje?

Mchezo alijua ni wangu, ndiyo maana akajificha kwenye jina la ndege. Aliniona mimi ni mtu wako tu, na hakukosea sana. Kila Jumapili nimekula samaki kwako, migebuka aliyoipika, nikashiba, nikaaga, bila hata kumwuliza kwao ni wapi.

Sikukupigia simu. Ungeniambia nisubiri urudi, nami ningesubiri, maana tangu mama atutoke sijawahi kukubishia. Nilikwenda kwa Mzee Dismasi, naye akamwita afisa wa ustawi wa jamii, kufuli lako likakatwa mbele ya majirani. Armelle hakukimbia. Alisema afagie uani kwanza, usije ukakuta uchafu ukakasirika. Nililia pale pale, na sioni aibu kukuambia. Afisa alimfanyia mpango wa karatasi za safari, nami nikamsindikiza mpaka kambini. Mama yake amelazwa lakini yu hai, na alimtambua mwanawe kwa sauti kabla hajageuza shingo. Wakati naaga, Armelle aliniambia somo la sita limezidi ugumu, nilirekebishe. Nimelirekebisha.

Afisa atakuja kukuhoji. Sitakutetea, dada, na ni vizuri ulijue hilo mapema. Nitasema niliyoyaona. Lakini siku hiyo nitakuja kukaa kando yako, na ukitaka kwenda kambini kumwomba radhi yule binti na mama yake, twende wote.

Wanangu wasalimie sana, waambie mjomba amewawekea muziki kwenye mchezo. Majirani nao wasalimie, hata wale utakaowanunia. Ufunguo wa kufuli jipya nimeubandika kwa selotepu chini ya jina langu. Bandua, ufungue, uingize watoto ndani wapumzike. Umesimama nje kwa muda wa kusoma barua tu, na najua tayari umekasirika.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Gasper