Wanaotafuta Asali ya Kisukari

Shangazi Salome, shikamoo.

Nimeandika hiyo shikamoo halafu nikakaa kidogo nikisubiri, kama mtu aliyepiga hodi. Mazoea hayo. Tangu tukuzike, kuna asubuhi bado nainjika chai ya watu watatu. Isaya ananiangalia, anakunywa vikombe viwili.

Nakuandikia kwa sababu nina wasiwasi, na aliyeuzoea wasiwasi wangu ni wewe. Tangu uliponichukua Ikungi nikiwa msichana mdogo wa shule ya msingi ulikuwa unanitania mbele za wageni: "Huyu Yunisi hata akipewa zawadi atauliza kwanza kama haina homa." Wageni wanacheka, na mimi nacheka, huku moyoni nawaza kama kweli niko hivyo. Niko hivyo, Shangazi. Na sasa nimebaki bila mtu wa kunicheka.

Habari za nyumbani kwanza. Mwanao Isaya ameendelea na mizinga yako yote, hata ile ya mbali porini uliyokuwa unasema wezi wa asali wameizoea kuliko sisi. Mwaka huu maua yalikubali, amerina mpaka ndoo zimejaa chumbani kwako. Usikasirike, ndicho chumba pekee kisicho na panya.

Shida ni wanunuzi. Wateja wako walikuwa wateja wako. Wanafika mlangoni wanauliza, "Mama Isaya tumemkuta?" Tukiwaambia, wanatoa pole, wanakaa kwenye kigoda wameinamisha vichwa, kisha wanaondoka mikono mitupu, kama vile kununua asali nyumba yenye msiba ni kukosa adabu. Nilijaribu kwenda stesheni na beseni lako kichwani. Abiria wa treni siku hizi ni wachache, wengi wamehamia kwenye mabasi, na sauti yangu haifiki dirishani. Isaya ameniambia bila kuzunguka: asali hii ikikaa mpaka msimu mwingine, anaiuza mizinga na kwenda kutafuta kibarua machimboni. Mizinga uliyoachiwa na baba yako. Ndiyo maana silali vizuri.

Nikasikia kuna semina ya wajasiriamali Manyoni, ya kuuza vitu mtandaoni, nikaenda. Mwalimu wetu alikuwa Madam Josephina, dada mwenye miwani na subira ya kutosha. Alituambia tovuti isiyo na maneno sahihi ni duka ulilojenga nyuma ya kichuguu: bidhaa zipo, anayepita hazioni. Kwa hiyo kabla ya picha na rangi, unaandika orodha ya maneno ambayo mnunuzi anayaandika kwenye simu yake anapotafuta kitu kama chako. Anayoandika yeye, alisisitiza, sio unayopenda kusikia wewe.

Unafikiri niliandika nini? Niliandika "asali ya Mama Isaya". Chini yake "asali ya kwanza ya msimu", na "asali ya porini kule kwenye mizinga ya babu". Nikampelekea nikijiona nimemaliza. Madam akaisoma kwa sauti, akaniuliza, "Yunisi, yuko nani Mwanza anayekaa na simu anaandika Mama Isaya?" Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka wa mwisho, tena nilitaka kulia, kwa sababu kwangu hilo ndilo lilikuwa jina la asali.

Nikafuta, nikaandika neno moja tu, "asali". Akaniambia nijaribu mwenyewe nione. Nikaliandika, yakaja makampuni, vikundi vikubwa, na watu wa nchi za mbali wenye chupa za kung'aa. Akasema hapo tutakuwa nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anafika. Nitafute maneno marefu kidogo, ya mtu anayejua anachokitaka.

Nilikaa na karatasi tupu kizingitini mpaka kuku wakaanza kuniparua miguu. Nikakumbuka stesheni. Nikakumbuka ulivyokuwa unainua chupa juu, na kabla mtu hajauliza bei anauliza, "Mama, hii haijachanganywa na maji ya sukari?" Unachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, unaiwasha, inawaka, unahamia dirisha lingine huku huyo anatafuta pesa mfukoni. Mwingine anataka ya nyuki wadogo. Mwingine ana mtoto anakohoa. Mwingine anataka ndoo nzima, ana duka Tabora. Wewe hukuwa na habari ya semina, lakini ulijua wanaogopa nini.

Basi nikaandika. Jinsi ya kutambua asali halisi. Asali isiyochanganywa. Asali ya nyuki wadogo inapatikana wapi. Asali ya jumla Singida. Asali mbichi Dodoma. Madam akanifundisha niliandike kila moja kwenye kile kisanduku cha kutafutia na kuliacha nusu, maana kisanduku chenyewe kinamalizia kwa yale ambayo watu wengine wameshauliza. Mbele ya kila neno niweke alama: huyu anataka kujua tu, huyu yuko tayari kununua. Orodha ikarefuka. Nilijisikia vizuri, Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilimwimbia hata mbuzi.

Halafu nikaandika "asali ya nyuki wadogo inatibu", nikaacha hapo. Kisanduku kikamalizia chenyewe. La kwanza kabisa: kisukari. Chini yake: asali inatibu kisukari kwa muda gani. Chini yake tena: mgonjwa wa kisukari aache vidonge atumie asali.

Niliilaza simu kifudifudi kwenye mkeka.

Kuna njia ya kupima ni watu wangapi wanatafuta neno fulani. Nilipolipima hilo, lilikuwa limeyaacha mengine yote mbali sana. Nilimpigia Madam, akaniambia, "Hilo lina watu, Yunisi. Lakini wewe ndiye unayeijua asali yako, amua." Isaya alikuwa amesimama nyuma yangu. Akainama, akasoma, akasema, "Hilohilo. Liweke juu ya yote."

Sasa niseme lililo moyoni. Nimekukasirikia. Daktari alikupa vidonge vya kisukari, akakupangia kliniki, akakuomba uipunguze asali kinywani hata kama huwezi kuipunguza kwenye biashara. Ulifuata. Ulikuwa unaamka mapema siku ya kliniki, umevaa kitenge cha kutokea. Halafu mtu akakutumia ile video, bwana mmoja amevaa koti jeupe, hata haijulikani ni daktari wa wapi, anakoroga asali ya nyuki wadogo na mdalasini na kusema vidonge vinaharibu figo. Ukaniita nije nitazame. "Unaona Yunisi? Miaka yote nawaambia watu hii ni dawa." Sijawahi kukuona umefurahi vile. Ilikuwa kama kazi yako yote, kuumwa na nyuki kote kule na kutembea juani, mtu mkubwa ameisifia mbele za watu. Nilikusihi sana urudi kliniki. Ukasema nina wasiwasi. Vidonge vikabaki kabatini. Kikaja kidonda cha mguuni, ukatuficha, na siku tuliyokifahamu ilikuwa siku ya kukubeba hospitali.

Nina hasira na wewe, na nakukumbuka. Vyote viwili vinakuja pamoja, sijui nifanyeje.

Isaya na mimi tuligombana. Hatukupigiana kelele, unamjua. Yeye akikasirika sauti ndiyo inashuka. "Mama hakuuawa na asali," alisema. Nikasema sijasema hivyo. "Watu wanalitafuta wenyewe. Sisi hatumshiki mtu mkono. Unataka mizinga ya babu iende kwa sababu ya neno moja?" Isaya sio mtu mbaya, na asali ilikuwa imetujaa ndani. Lakini nadhani kuna kingine. Akikubali kwamba asali haikuweza kukuponya, itabidi akubali pia kwamba ungekuwa hai, umekaa hapo mlangoni unatutukana kwa utani. Hilo ni zito kulibeba, hata mimi nalikwepa.

Nilitaka nilifute lile neno niwe na amani. Kidole kilikuwa tayari. Nikafikiri, nikilifuta kwangu, wanaoliandika hawataacha kuliandika. Wataenda kwa yule bwana wa koti jeupe, kwa sababu yeye analo. Mtu anayeuliza swali hilo ana mgonjwa ndani, na atamsikiliza wa kwanza atakayemjibu. Nikaliacha.

Jumapili tulipotoka kanisani Isaya alikaa uani anachuja asali. Nikakaa mbali naye kidogo, nikamsomea nilichoandika kwa ajili ya neno hilo. Kiliandikwa hivi: "Asali haitibu kisukari. Tunauza asali, na tunakuambia hivyo. Inapandisha sukari ya mgonjwa. Usiache vidonge, rudi kliniki. Mama wa nyumba hii aliacha vidonge akatumia asali yetu wenyewe, na tumemzika."

Hakuinua kichwa. Asali ilikuwa inashuka taratibu kwenye kitambaa. Nilijua amekasirika, nikaanza kukunja karatasi.

"Andika na soksi," akasema.

Nikamwuliza soksi gani.

"Alikuwa anavaa soksi jua lote hili, ili tusione kidonda. Mimi nilidhani ni baridi ya uzee. Andika hiyo. Mtu akisoma amvue mama yake soksi amwangalie miguu."

Kisha akaniachia kazi ya kuchuja, akaenda nyuma ya zizi, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na tukasingizia moshi, ingawa hakukuwa na moto.

Ukurasa huo ukawekwa kwenye tovuti yetu pamoja na kurasa za maneno mengine yote. Yale maneno mengine yanafanya kazi polepole: mama mmoja wa Dodoma aliyekuwa anauliza jinsi ya kutambua asali halisi amechukua madumu, na mwenye duka Tabora ameomba aonjeshwe. Isaya bado hajasema tena habari za machimbo, lakini hajasema pia kwamba haendi. Ukurasa wa kisukari ndio unaosomwa kuliko zote, na hakuna hata mmoja aliyetoka huko akanunua. Mtu mmoja ametuandikia kwamba tunawaharibia wenzetu biashara. Isaya akamjibu kwa adabu kuliko alivyostahili.

Leo asubuhi umeingia ujumbe kwenye simu. Ni binti, anasema yuko Urambo. Nakuandikia kama ulivyo: "Dada, habari. Nimesoma kwenu. Mama yangu ameacha vidonge anatumia asali, aliona video. Nimemvua soksi. Kidole kimoja kimekuwa cheusi na yeye anasema hakiumi. Nifanyeje?"

Nikamwandikia ampeleke hospitali leo, sasa hivi, asingoje kesho wala asimsikilize akisema hakiumi. Nikamwambia na wewe ulisema hakiumi. Habari ya kununua asali sikuigusa kabisa. Naona ameusoma. Hajajibu.

Mchana umefika. Isaya ameniambia mara kadhaa niweke simu chini nile, na kila akipita hapa anauliza, "Amejibu?" Anauliza kama hana shida, akiangalia pembeni. Nimejaribu kuwaza labda wako njiani, labda huko barabarani simu haishiki. Nimewaza pia mengine ambayo sitaki kuyaandika. Simjui huyo mama jina, na tangu asubuhi ninamwombea kwa jina lako.

Basi nikuache upumzike. Kuhusu mizinga siwezi kukuahidi kitu, najitahidi tu, na Mungu akipenda Isaya atabaki. Lakini kuhusu huyu binti nakuahidi. Jua likishuka bado hajajibu, nitampigia. Asipopokea nitampigia tena kesho, na keshokutwa, hata akinichoka, hata akinitukana, mpaka aniambie kwa mdomo wake kwamba daktari ameuona mguu wa mama yake.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,

Yunisi