Kondoo wa Uzi wa Shadia

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimeanza kufuma kondoo. Mwanamume mzima, fundi nyavu, Ujiji nzima inanijua — na sindano za mke wangu mkononi! Wacheke tu. Sababu ninayo.

Niiandike mara moja, iishe. Kondoo wa akika ya mjukuu wangu Shadia hakuibwa. Mkwe wangu Faridi alimleta kwangu nimtunze mpaka siku ya saba. Nikampeleka majanini karibu na mwalo wa wavuvi, nikamfunga kwenye kigingi, nikaenda kwenye ubishi wa mpira. Narudi — kamba ipo, kondoo hayupo. Fundo limefunguka. Fundo langu mimi! Watu wananiletea nyavu kutoka Bangwe kwa ajili ya mafundo yangu. Sasa ningesema nini? Nikatoa kisu, nikaikata ile kamba, nikaenda nayo nyumbani napiga kelele: tumeibiwa!

Ndivyo ilivyokuwa. Wallahi nimejuta.

Akika ikafanywa kwa mbuzi wa haraka haraka kutoka Mwandiga. Binti yangu Hasna alilia, alitaka kondoo. Basi mtoto ananidai kondoo wake, na atampata. Kwa mkono wangu huu. Mungu anaona nia.

Jumatano, 3 Septemba

Kondoo wa kwanza kaisha. Mgumu kama jiwe la kusugulia miguu! Sufi niliyomjaza haiingii wala haitoki.

Mke wangu Mwanne kamgeuza, kambonyeza, kamgonga ukutani. Ko, ko. Akaniuliza, "Baba Hasna, huyu wa kulaliwa na mtoto au wa kuvulia dagaa?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Kosa langu: nilipiga fundo kwenye kila kitanzi. Si ndiyo nyavu? Kila jicho na fundo lake, likikatika moja mengine yanashika. Kumbe kufuma hakuna fundo. Kitanzi kimemshikilia mwenzake, basi. Ukivuta uzi vyote vinafumuka. Sijaipenda hiyo. Lakini nimeelewa upesi — Mwanne mwenyewe kasema nina mkono mwepesi kuliko yeye alipoanza.

Yule mgumu tumemweka mlangoni, anazuia mlango usijifunge.

Jumamosi, 6 Septemba

Wa pili, alhamdulillah! Laini, masikio yamelala, hata uso anao. Nikapanda bodaboda mpaka Gungu kwa Hasna. Shadia kamnyonya sikio hapo hapo. Hasna kanibusu mkono. Baba, anasema, umenitoa machozi.

Nilikula sahani mbili za pilau. Nilijiona mwepesi kabisa. Nimelipa.

Ila Faridi akaharibu. Anasema, "Mzee, yule Meshack nikimkamata na ushahidi hatakaa Ujiji tena."

Meshack ni Muha, mwanika dagaa, amepanga chumba nyuma ya kwetu. Asubuhi ile alionekana anapita na gunia. Gunia la dagaa! Kila siku anapita nalo. Lakini watu wakaunga maneno.

Mimi sikumtaja. Hilo naliandika wazi. Sikumtaja hata mara moja. Nilinyamaza tu.

Jumanne, 9 Septemba

Kazi imenoga. Mama wa jirani anataka kondoo wawili. Mwalimu wa chekechea naye kaulizia. Vijana wa mwaloni wananiita Mzee Sweta, halafu pembeni wananong'ona, nifumie mmoja wa binti yangu. Nafuma huku naongea, siangalii hata mkono.

Mwanne karudi sokoni na habari. Meshack hapewi tena kazi mwaloni. Akipita wanampigia, "Meee!" Wanawake wanafunika mabeseni yao. Mkewe, Rozalia, kachukua watoto, kaenda kwao Mwandiga mpaka maneno yaishe.

Nikasema watu wabaya.

Mwanne akaniangalia. Akaniangalia weee. Nikaendelea kufuma. Mguu mmoja umetoka mrefu kuliko mingine.

Ijumaa, 12 Septemba

Khutba ya leo ilikuwa ya toba. Sheikh anasema, kosa lako na Mungu wako, mwombe Mungu. Lakini haki ya mtu, mfuate mtu. Hata ukisujudu mpaka paji lichubuke, mfuate mtu.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikijua Shadia nimeshamfuata.

Narudi nyumbani — Meshack amekaa kizingitini kwangu! "Mwakeye, Mzee," akaniamkia kwa Kiha. Kakonda. Anataka nimfundishe kufuma.

"Kazi ya kukaa ndani, Mzee. Huko nje nimechoka kupigiwa mee."

Nikamuuliza, kwa nini mimi? Wafumaji wapo wengi, wanawake.

"Mtaa mzima umenitaja," akasema. "Wewe mwenye kondoo hukunitaja hata siku moja. Kwa hiyo wewe unajua mimi si mwizi."

Nikampa sindano. Ndicho nilichoweza, nikampa sindano.

Anajifunza haraka, tena hakazi uzi. Kesho namwambia. Nimeshaamua, na mimi nikiamua nimeamua.

Jumapili, 14 Septemba

Jana sikusema. Alikuwa anajifunza kufuma kichwa. Kichwa kinataka utulivu, haikuwa wakati wake.

Leo asubuhi tumekaa mkekani uani, yeye anafuma sikio, mimi miguu, Mwanne anachambua mchele. Tunacheka. Meshack anasema Rozalia akimwona na sindano atadhani amerogwa. Bodaboda ikasimama. Faridi! Na mwenyekiti wa mtaa nyuma yake.

Faridi akaganda. "Mzee! Umemkalisha mwizi kwenye mkeka? Na kondoo mkononi! Meshack, huna hata haya?"

Meshack hakunyanyuka. "Nina sikio la kumaliza," akasema.

Faridi anataka Meshack ahamishwe mtaani leo leo. Mwenyekiti ni mtu wa taratibu. Kasema yeye hamhamishi mtu kwa gunia. Aliyemfunga kondoo ni Mzee. Aliyekuta kamba imekatwa ni Mzee. Basi Mzee aseme: unamshuku huyu au humshuku? Ukisema unamshuku, anafungasha.

Wote wakanigeukia.

Ningeweza kusema simshuku, yakaisha. Nusu ya maneno. Lakini Faridi angeuliza, basi nani? Na mee ingeendelea.

Nikasema, nakuja, nivae kanzu. Mtu hasemi jambo zito na singlendi.

Sasa niko chumbani. Kanzu nimevaa, ile ya Idi. Nitasema. Maneno ninayo tayari: fundo lilifunguka, kamba niliikata mimi. Mafupi tu. Nimeyasema mara tatu hapa kwa sauti ndogo na yametoka vizuri.

Namsikia Meshack huko nje anawaambia, "Msubirini. Huyu Mzee hasemi uongo."

Mwanne ameingia. Kafunga mlango. Kaniangalia kuanzia kola mpaka chini.

"Vua."

Kwa nini?

"Vua hiyo kanzu, Baba Hasna. Unataka wakuone sheikh? Toka kama ulivyotoka siku ile ya kondoo." Halafu kwa upole, "Nakungoja tangu akika. Nilijua utafika."

Tangu akika! Na alinicheka mpaka akakaa chini, na alikuwa anajua!

Faridi anaita mara ya pili. Kanzu nimeivua. Mwanne ameikunja, ameibana kwapani. Ameshika mlango, anangoja nitoke. Singlendi ina tundu hapa begani, nashangaa sikuliona —