Jua Limeshindwa

6 Februari

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo umechoka kunibeba. Bado niko kwa dobi mkubwa, nafua mashuka ya hoteli. Kazi yangu ni kutoa madoa. Wiki hii mgeni kamenya komamanga kitandani. Nimeloweka, nimesugua, nimetia dawa kali: shuka limechanika, doa limebaki. Nikacheka peke yangu. Nikakumbuka masufuria yako ya rangi.

Nataka kujifunza, Mama. Nimechoka kufuta. Barua hii nimeiandika kwa wino wangu mwenyewe, wa manjano. Nifundishe.

Kitindamimba wako

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti huanza kulalamika kabla sijaamka. Barua yako niliisoma mara moja, nikaiacha dirishani. Kurudi, jua limeshaila yote, imebaki karatasi tupu. Ningeweza kukujibu humo humo.

Jibu ni hapana. Watu walikuwa wanaitazama mikono yangu kwanza ndipo wanisalimie. Nilitia rangi nyuzi za watu ili wewe upate kazi ya mikono misafi. Usiniulize tena.

Lakini nani alikudanganya kwamba manjano yanaandikiwa barua? Umelishika komamanga mkononi, ukaliacha, ukaenda kununua manjano! Chemsha maganda yake, tia misumari yenye kutu, chuja. Basi. Sikufundishi.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Nyumbani wazima? Ahsante kwa kutonifundisha. Nilichemsha chumbani. Kinyozi ninayekaa naye alifunua sufuria, akauliza, "Kaka, leo tunakula misumari?" Nikamwambia asubiri mchuzi ukolee.

Nimetia rangi uzi, umeshika. Na mikono imeshika, nyeusi mpaka kwenye kucha. Msimamizi ameiona. "Ing'arishe kwa dawa ya madoa," anasema, "la sivyo Mei ikifika usije." Nikajifuta kwenye shuka jeupe mbele yake, halikupata hata alama. Akasema wageni wasije wakaiona. Wageni gani, Mama? Mimi nafanya kazi chini ya ngazi. Hawajawahi kuuona hata uso wangu.

Kitindamimba wako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Tumbukiza mikono kwenye hiyo dawa, hata kama inawasha. Ngozi itaota nyingine, kazi haioti. Usinijibu kwa maneno, nijibu kwa kutii.

Mama yako

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limekuonea huruma. Nilikawia kuandika kwa sababu sikutii.

Mei ilipofika nilikwenda na mikono yangu kama ilivyo. Msimamizi alisogeza ndoo ya dawa. Dawa ile ilitoboa shuka, Mama, nami nitie mikono uliyoizaa wewe? Nikaimwaga ndoo kwenye mfereji, nikavua koti lao jeupe. Niliondoka nalo, kusema kweli. Sasa ni jeusi, nalivaa kila siku napita mbele ya mlango wao.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini amenipa kibaraza. Namtilia rangi vitambaa. Nachoka kuliko kwa dobi, lakini jioni kuna kitu kimebaki kwenye kamba.

Sasa hivi wino huu umepauka kama chai iliyochemshwa mara ya pili. Kinyozi anasema nimerudia kosa la manjano. Mwache. Nimeuchuja mapema, haujapata hewa. Ukifika kwako utakuwa umekomaa. Uweke dirishani. Na usiniambie nirudi kufuta.

Kitindamimba wako

11 Agosti

Mwanangu mkaidi,

Marahaba. Goti liache, tuna mambo ya maana.

Barua ilifika nyeusi. Nikaiweka dirishani, si kwa kukuamini. Nilitaka jua linisaidie kukushinda. Kila asubuhi nakwenda kuitazama. Leo dada yako kaniambia, "Mama, itoe basi, tumeshaikariri." Nimekataa. Watu wakipita wanauliza, nawaambia ni mkono wa mwanangu.

Jua limeshindwa. Na mimi pia.

Sasa tunaingia kwenye nyekundu. Vuta kigoda ukae, usikilize vizuri, maana hii nafundisha.

Mama yako