Mlango Niliouacha Wazi

Jumanne, 14 Januari. Theluji ilikatika alfajiri. Asubuhi jua limetoka lakini halina joto; kipimo cha dirishani kilisoma nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Nataka kusikia kama safari hii tembo wameyaacha mahindi, na kama Nyangi anakusaidia kuchota maji au dada yangu huyo bado ana visingizio. Mimi ni mzima. Vidole vinapasuka kwa baridi, lakini mafuta uliyonifungia bado yapo, napaka kila asubuhi.

Uliniuliza kwenye simu tunafanya kazi gani maktaba wakati watu wa huku wanajifungia majumbani. Swali lako limenikuta na jambo moyoni, ndiyo maana naandika.

Wakati wa baridi wasomaji hupungua. Mkuu wangu, Bi. Helen, alituomba kila mmoja afikirie namna ya kufanya watu wajisikie wamekaribishwa. Mimi nikautazama mlango. Ni wa kioo kinene, unaganda barafu hadi huoni ndani, na umefungwa kutwa. Kwetu Mbalibali, mlango ukifungwa mchana mpita njia anajua wenyewe hawapo, au hawataki mgeni. Basi Jumatatu ya wiki iliyopita niliwahi kazini, nikaufungua wote na kuuegemeza kwa boksi la magazeti ya zamani, kisha nikaenda chumba cha nyuma kupanga vitabu vilivyorudishwa.

Mama, usinicheke. Niliporudi, ndani kulikuwa kama nje. Bi. Helen alikuwa akiufunga mlango, akaniuliza kama nilikuwa napasha joto barabara. Hilo lilipita kwa kicheko. Ambalo halikupita ni la Bibi Edna.

Huyu ni mzee mjane, rika lako au zaidi. Ndiye pekee aliyekuwa anakuja kila siku, anakaa karibu na mlango na kitabu cha bustani, hata kama kurasa hazifunui. Nyumbani kwake kuna baridi na hakuna mtu. Asubuhi ile nilimwona anafunga koti huku anatetemeka, akatoka bila kuniaga.

Kwenye daftari langu niliandika: Jumanne, hakuja. Jumatano, hakuja. Alhamisi, hakuja. Niliogopa kwamba nimemtia homa ya mapafu kwa ujinga wangu, na sikujua anakaa mtaa gani.

Nikawa nafanya kazi kama unavyofanya wewe ukisikia wageni wako njiani. Kila asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo, naweka taa dirishani. Viti vilivyokuwa vimepangwa kama darasani nimevisogeza kwenye hita, vitazame mlangoni, maana nani atafurahi kuingia akipokelewa na migongo? Bi. Helen alikubali birika la chai kwenye meza moja, mbali na vitabu. Na anayeingia namsalimu na kumuuliza habari za watu wa nyumbani kwake, kabla ya kumuuliza shida yake. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori alinijibu kwamba nyumbani ana mbwa tu. Kesho yake nikamuuliza mbwa ameamkaje. Alinitazama, akasema, "Hajambo. Anakusalimu." Sasa anakuja kila siku.

Kiti cha Bibi Edna nilikisogeza karibu kabisa na hita, nikatandika lile blanketi lako la miraba myekundu, ambalo jioni narudi nalo kujifunika. Mtu akitaka kukikalia, namwambia kina mwenyewe.

Leo saa tano asubuhi nimeona kivuli nje ya kioo. Amesimama, anatazama taa, haingii. Nikaenda nikafungua, nikamvuta mkono ndani na kufunga haraka. Nikaanza kumwomba radhi kwa baridi ya siku ile. Akatikisa kichwa.

"Baridi nimeizoea," alisema. "Nilipoona mmeacha mlango wazi, nilijua mnatutaka tuondoke, sisi tunaokuja kuota joto tu."

Mimi nilikuwa nasema karibu kwa mlango wote, na yeye akasikia toka. Siku nane amekaa peke yake akiamini tumemchoka.

Nikamweleza mlango wazi una maana gani kwetu. Akakaa, akajifunika blanketi, akauliza ni la nani. Nikamwambia la mama yangu. Akataka jina lako. Amelikosea mara tatu, ya nne akalipata, Wankuru. Kisha akaniuliza, "Na mlango wake sasa hivi uko wazi?"

Nikahesabu masaa. Nikamwambia huko ni saa mbili usiku, ameshaufunga kwa kuhofia fisi. Lakini mtu akibisha, atafungua.

"Basi mwambie nimebisha," akasema.

Nami nakufikishia. Nisalimie Nyangi na wanawe, baba mdogo na ng'ombe wake, na mama wa jirani anayekusagia ulezi. Blanketi leo nimeliacha maktaba, kwenye kiti cha Bibi Edna. Usiku huu nitajifunika koti.

Mwanao akupendaye,
Robi

Nazima taa saa nne na dakika kumi usiku.